Mvua ya Filomena

Kila siku ilipokaribia saa tatu asubuhi, Filomena hakutulia kitini. Mwalimu Ignas akiwa ubaoni, yeye alikuwa akichungulia dirishani. Ikitimu saa tatu alinyoosha kidole, akaruhusiwa, akatoka mbio hadi nyuma ya bustani ya shule. Hapo, ndani ya uzio wa mianzi, palisimama kipima mvua, mkebe mrefu wa bati wenye chupa ndani yake. Alitoa chupa, akamimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, akasoma milimita, akaziandika kwenye daftari. Hata Jumapili alipita hapo kabla ya misa.

Kazi hiyo alipewa na Daktari Mwajuma. Siku mama huyo alipofika kijijini Lukwele mara ya kwanza, wanawake walimletea watoto wenye kikohozi, wakapanga foleni.

“Jamani, mimi si daktari wa watu,” alisema akicheka. “Mimi ni daktari wa maji.”

Alikuwa amesoma hadi akapata shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, na bado hakuchoka kuuliza. Alitaka kujua mito ya Uluguru inapungua kiasi gani hali ya hewa inapobadilika, na kwa nini. Filomena, binti wa miaka kumi na mitatu wa darasa la sita, alichaguliwa kwa mwandiko wake safi. Baraka, aliyesoma naye, alipewa kusoma ubao wa vipimo uliosimikwa mtoni.

“Nitarudi baada ya miezi miwili,” Daktari Mwajuma aliwaambia. “Asiyefanya kazi, nitamtafuta mwingine.”

Maneno hayo Filomena hakuyasahau.

Vuli ile mvua iligoma. Siku ya kwanza Filomena aliandika sifuri. Ya pili, sifuri. Wiki ikaisha kwa sifuri saba zilizopangana. Baraka alichungulia daftari, akaangua kicheko.

“Mayai matupu! Filo, utafungua banda la kuku?”

Filomena alilifunga daftari kwa hasira. Alipokuwa darasa la nne aliwahi kupata sifuri ya hesabu, ikazungushiwa wino mwekundu, na darasa zima likamcheka. Tangu siku ile aliiogopa sifuri kuliko fimbo. Sasa angempa Daktari ukurasa mzima wa sifuri? Si angemwona mvivu aliyekaa nyumbani?

Siku ya kumi bilauri ilikuwa kavu. Filomena alitazama huku na huku, akaandika mbili. Kamvua kadogo tu, nani atajua? Siku mbili baadaye akaandika tano. Ukurasa ukapendeza. Mara chache mvua ya kweli ilipodondoka aliipima barabara, lakini siku kavu zilipomzidi alizinyeshea mwenyewe kwa kalamu.

Daftari lilipendeza, ila yeye hakupata tena raha. Usingizi ulimpaa. Akisikia gari likipanda mlima, alidhani ni Daktari.

“Umeingiwa na siafu?” mama yake, Anastasia, alimuuliza siku moja alipomwona akikaa na kusimama, kusimama na kukaa. “Chambua mboga, mwanangu, acha kuzunguka.”

Lakini mama naye hakuwa na utulivu, wala kijiji kizima. Petro, baba yake Filomena, alikuwa amepunguzwa kazi huko mjini Morogoro, wakati viwanda vilipokuwa vikiuzwa kwa watu binafsi. Alirudi mlimani, akanunua mpira mrefu wa maji, akautega mtoni na kuotesha kabichi. Wenzake wengi walifanya hivyo, maana tangu biashara iwe huria wachuuzi wa Dar es Salaam walikuwa wanapanda wenyewe na magari yao kufuata mboga. Kabichi ndizo zilizowalisha Filomena na wadogo zake. Sasa mto ulikuwa umenywea, mabomba ya mjini yalikuwa yanatoa upepo, na watu wa mjini walikuwa wanaunyooshea mlima kidole.

Miezi miwili ilipotimia, Daktari Mwajuma alikuja pamoja na bwana maji, afisa wa maji ya mjini. Alikusanya madaftari mawili, la Filomena na la Baraka, akajumlisha upesi upesi juu ya boneti ya gari, na mkutano ukaanza mbele ya ofisi ya kijiji. Filomena na Baraka waliketi mbele, chini kabisa.

“Vuli hii mmepata milimita tisini na mbili,” Daktari alisema. Alikunja uso, kana kwamba hakuielewa namba yake mwenyewe. “Si nyingi, lakini si ukame. Hata hivyo, mto umeshuka sana.”

Bwana maji aliruka kama aliyekuwa akingoja hayo tu. “Basi jibu tunalo! Mvua imenyesha, mto umekauka. Maji yameishia kwenye mipira yenu. Wiki ijayo tunakuja kuing'oa yote.”

Watu walipiga kelele. Mwenyekiti, mzee Kasimiri, aligonga meza mara tatu ndipo wakatulia. Petro alisimama.

“Mvua gani hiyo, bwana? Mbona kabichi zangu hazijaiona?”

Wengine wakacheka. Bwana maji aliinua daftari juu.

“Imo humu, mzee. Tena imeandikwa na mwanao.”

Petro alimgeukia binti yake.

“Kama ameandika Filomena,” alisema polepole, “basi labda macho yangu ndiyo yamezeeka.” Akaketi.

Hapo Filomena aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona. Baba alikuwa amekubali kuyakana macho yake mwenyewe kuliko kumdhania yeye mwongo. Alisimama.

“Naomba kusema.”

“Mtoto, huu ni mkutano wa watu wazima,” mzee Kasimiri alimkanya.

“Shikamoo, mzee. Ile mvua haikutoka mbinguni.” Alilinyooshea daftari kidole. “Imetoka kwenye kalamu yangu. Siku nyingi chupa ilikuwa kavu. Niliona aibu kuandika sifuri.”

Bwana maji aliguna.

“Sasa anamtetea baba yake! Tumwamini lini, jana au leo?”

Lilikuwa swali la haki, na lilimtoa Filomena machozi. Daktari Mwajuma alilichukua daftari na kulifungua taratibu.

“Zipi ni za uongo?”

Filomena alizionyesha moja moja, bila kusita: mbili, tano, tatu, kumi, na nyingine nyingi, zote namba kamili. Zilizobaki zilikuwa tatu nukta nne, saba nukta sita, na nyingine chache za namna hiyo.

“Kweli, mvua haijui kunyesha kwa namba kamili kila siku,” Daktari alinong'ona. Kisha akapaza sauti. “Nilipaswa kuliona hili kabla ya kusimama mbele yenu. Nisameheni. Lakini mimi pia sitaki kuamini kwa neno tu. Misheni, huko chini, masista wana kipima mvua chao. Tutalinganisha siku kwa siku. Bwana maji, twende wote.”

Siku nne za kungoja Filomena hakula akashiba. Baba hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Siku ya tano gari lilipanda. Kila siku aliyoitaja Filomena, daftari la masista nalo lilikuwa na sifuri. Mvua ya kweli haikufika hata milimita thelathini.

“Huu ni ukame,” Daktari Mwajuma aliwaambia wanakijiji. “Mipira nayo inachukua maji, sitawaficha, ila si yenyewe iliyoukausha mto.” Bwana maji alikubali, shingo upande, mipira ibaki. Wakulima nao wakakubali kumwagilia kwa zamu, siku tatu mashamba, siku nne mto uteremke mjini bila kuguswa.

Baadaye Daktari alimwita Filomena kwenye kipima mvua, baba yake akiwapo. Filomena alishika kifutio.

“Usifute,” Daktari alimkataza. “Piga mstari mmoja, andika sifuri pembeni, tia sahihi yako. Kosa lionekane, na masahihisho yaonekane.”

Filomena alifanya hivyo, mstari kwa mstari. Alipomaliza aliuliza kwa sauti ndogo, “Utamtafuta mwingine?”

“Njia ya mwongo ni fupi, binti, na wewe umefika mwisho wake ukarudi kwa miguu yako mwenyewe. Sikiliza. Sifuri ya mtihani inasema hukujua. Sifuri ya hapa inasema ulikuja, ukatazama, ukasema ulichokiona. Ukiifanya kazi yako kwa kweli, hakuna namba ya kuionea aibu. Endelea.”

Petro alimwekea mkono begani. “Sasa nitaendelea kukuamini,” alisema, “lakini na macho yangu nitayaamini.”

Kesho yake, saa tatu kamili, bilauri ilikuwa kavu. Baraka alichungulia begani kwake.

“Yai tena?”

“Yai tena,” Filomena alijibu, akaiandika sifuri kubwa, ya mviringo, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.