Kikohozi cha Bwana Rahimu

Rahimu na mkewe Zuleha, wazazi wa Sabaha, walilima korosho na ufuta kijijini Nanganga. Msimu wa salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, ukifika, Rahimu alipuliza mikorosho yake bomba likiwa mgongoni na sigara mdomoni. Zuleha alimkanya mpaka akachoka. Kwa ubishi, mumewe hakuwa na mpinzani kijiji kizima.

Mwaka 2007 msimu wa salfa ulipita, kikohozi kikabaki. Hakuna aliyeshtuka. Huku kwetu salfa ndiyo husingiziwa kila kikohozi. Jioni Zuleha alimkanda kifua kwa kitambaa cha moto, akimsema na kumbembeleza kwa pamoja. Siku moja akaona damu kwenye makohozi.

Alimwita jirani yao Eliudi, tabibu wa zahanati. Eliudi akawaeleza kwamba kikohozi kinachozidi wiki mbili kinataka vipimo, salfa iwepo isiwepo. Makohozi yakapimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Lakini picha ya kifua ilionyesha uvimbe mdogo. Wakapelekwa Dar es Salaam, na huko ikajulikana kuwa ni saratani ya mapafu. Bahati nzuri ilikuwa changa, haijasambaa.

Kwa kawaida uvimbe kama huo huondolewa kwa upasuaji. Mapafu ya Rahimu yalikuwa yamechoshwa na sigara, yasingeuhimili. Madaktari wakampa rufaa ya India, uvimbe ukachomwe kwa joto. Rahimu akarudi nyumbani kusubiri safari, akatangaza kwamba haendi.

"Kama ni joto, mama Sabaha ananikanda kila siku," alimwambia Eliudi. "India nifuate nini?"

"Kitambaa kinapasha ngozi tu, bwana Rahimu. Uvimbe uko ndani. Daktari anapitisha sindano nyembamba katikati ya mbavu, huku akitazama picha kwenye mashine. Ncha ikifika kwenye uvimbe inapata moto, inaunguza saratani. Unapewa dawa kwanza ili usisikie maumivu. Hupasuliwi."

"Na ikitoboa pafu?"

"Hewa inaweza kuvuja. Ndiyo maana unalazwa, wakuangalie. Sikufichi. Lakini njia hii inafaa uvimbe ukiwa mdogo. Ukikua, nafasi inapotea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Kaka yake Rahimu aliwahi kwenda kupasuliwa akarudishwa maiti, na tangu siku hiyo Rahimu aliogopa hospitali. Zuleha peke yake ndiye aliyelijua hilo.

"Baba Sabaha," alisema, "ubishi wako nimeuvumilia miaka yote. Huu wa leo siuwezi. Mimi bado nakutaka."

Maneno hayo aliyasema mbele ya jirani. Rahimu aliona haya, akainamisha kichwa. Kisha akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akamkabidhi mkewe.

"Basi nitakwenda," alisema.

Alikwenda, akarudi na alama ndogo ubavuni. Zuleha aliitafuta kwa kidole ndipo akaiona. Sigara Rahimu hakuigusa tena. Kila alipoitwa kupigwa picha alikwenda, kwa sababu saratani inaweza kurudi. Kifua hakikurudia nguvu za ujana, lakini shambani alifika.

Mwaka wa pili daktari aliwaambia kwamba uvimbe haujarudi. Zuleha, ambaye hakuwa amelia siku zote zile, alilia palepale kwenye benchi la hospitali. Watu wakageuka kutazama. Rahimu alishika upindo wa kanga ya mkewe, akamfuta machozi taratibu.

"Nyamaza, mama Sabaha," alimwambia. "Nipo."