Mwiko wa Dawa ya Ujana

Kila asubuhi Klara aliamka jua halijachomoza. Aliteka maji kisimani, akafagia mbele ya nyumba yao ya tembe, yenye paa bapa la udongo, kisha akamsaidia mama yake kukamua ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wachache na wembamba, kama ng'ombe wote wa Miyuji wakati wa kiangazi, lakini maziwa hayakukosekana. Enzi hizo za Mwingereza Miyuji ilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji, na aliyetaka kwenda mjini Dodoma alikwenda kwa miguu. Baba yake, Pantaleo, alifanya kazi ya reli huko Kilosa na alirudi nyumbani kwa nadra.

Kabla ya kwenda shule Klara alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Alichukua kibuyu cha maziwa na karanga kidogo, na siku nyingine mayai, akavipeleka kwa mama yake mkubwa, Sesilia. Mama mkubwa alikuwa mcheshi, mwenye maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Ndiye aliyemshonea Klara gauni lake la shule. Klara alimpenda, na njia nzima alikuwa akiimba.

Chakula hicho kilikuwa fungu la Scolastika, mama yake Klara. Tangu mvua zilipokatika alikuwa hanywi tena maziwa, wala hali karanga, wala mayai. Aliapa kutokula kwa sababu ya dawa.

Mambo yalianza sokoni mjini. Scolastika alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa iliyowamaliza watu wengi wa Ugogo, kwa hiyo hakuwa mzee. Lakini mgongo ulikuwa umeanza kupinda, meno yalikuwa yamepungua, na ngozi ya uso ilikuwa imekauka. Siku hiyo mwuza vitunguu mmoja alimtazama Klara, akamwuliza Scolastika kwa heshima zote, "Bibi, huyu mjukuu wako anasoma darasa la ngapi?"

Scolastika alicheka mbele ya watu. Njiani alilia.

Jioni ile alikwenda kwa dada yake. Sesilia alikuwa amerudi kutoka Morogoro mwaka uliotangulia, na ingawa ndiye mkubwa, kila aliyewaona pamoja alidhani ni mdogo. Ngozi iling'aa, mgongo ulinyooka, meno yote yalikuwapo.

"Dada, siri yako nini?" Scolastika aliuliza.

Sesilia alitazama mlangoni kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Kuna dawa," alisema. "Niliipata kwa mganga wa kule Morogoro. Inafukuza uzee. Nitakutengenezea, wewe ni damu yangu. Ila ina mwiko."

Neno hilo ndilo lililomshawishi Scolastika. Watu wa kwao hawakuiamini dawa isiyo na mwiko. Dawa ya bure bure, isiyomkataza mtu lolote, waliiona ni maji tu. Kadiri mwiko ulivyokuwa mgumu, ndivyo dawa ilivyoheshimiwa.

"Mwiko gani, dada?"

"Usinywe maziwa, usile samli, wala karanga, wala mayai. Ukionja tu, dawa imekufa. Hata mimi, huu mwaka wa ngapi sijui, sijaonja. Na fungu lako usilimwage. Linatolewa sadaka. Niletee mimi, nitawapelekea vikongwe wasiojiweza huku kwetu. Sadaka hiyo ndiyo itakayoipa dawa nguvu."

Basi Scolastika akashika mwiko. Alikula ugali wa uwele na mlenda mchana, na ugali na mlenda usiku, akamimina kikombeni dawa nyeusi tamu-tamu kutoka kwenye chupa ya dada yake. Watoto wake aliendelea kuwapa maziwa. Fungu lake mwenyewe lilikwenda sadaka.

Miezi ilipita. Badala ya ujana, Scolastika alipata kizunguzungu. Fizi zilimtoka damu, na akitwanga alipumzika kila baada ya muda mfupi. Alipolalamika, Sesilia alimpapasa bega. "Vumilia, mdogo wangu. Uzee haukubali kuondoka hivi hivi. Lazima upigane kwanza." Scolastika alirudi nyumbani ametulia, akaongeza kipimo.

Siku moja Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alitazamiwa kutembelea shule, na walimu wakawaachia wanafunzi wadogo mapema ili madarasa yapakwe chokaa. Klara aliona apitie kwa mama mkubwa kuchukua kibuyu. Mlango ulikuwa wazi, akaingia bila kubisha hodi, kama alivyozoea.

Sesilia alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kibuyu cha kina Klara kilikuwa mdomoni mwake, naye alikuwa akinywa kwa kiu. Mapajani alikuwa na ungo wa karanga za kukaanga, na maganda ya mayai yalikuwa kando ya mafiga. Juu ya moto kilichemka chungu cha magome na sukari guru, na chupa tupu zilipangwa ukutani zikingoja kujazwa.

Klara aliuliza, "Mama mkubwa, na mwiko je?"

Sesilia alifuta midomo kwa kanga. Kwa muda alionekana kutaka kucheka, kisha uso ukabadilika. "Mtoto mwenye adabu hasimulii anayoyaona kwa wakubwa. Na ujue, ukisema neno, dawa itamgeukia mama yako imwue. Unataka kumwua mama yako?"

Klara alitoka mbio, kibuyu akakisahau. Aliumia kuliko siku aliyochomwa na maji ya moto. Kila asubuhi alikuwa akiimba njiani, akidhani anawapelekea vikongwe chakula, kumbe alikuwa akimnyang'anya mama yake kwa mikono yake mwenyewe! Na aliyemtuma ni yule yule aliyemshonea gauni. Alilia kwa hasira, akalichukia hata gauni alilolivaa.

Aliogopa, lakini alipomkuta mama yake ameegemea kinu, amechoka na kinu chenyewe hakijajaa nusu, alisema yote.

Kofi lilimpata kabla hajamaliza.

"Nani amekufundisha kumsingizia mkubwa wako?" Scolastika alifoka. "Unajua Sesilia ni nani kwangu? Mama yetu alikufa katika Mtunya, mimi ningali mchanga. Sesilia naye alikuwa mtoto tu, lakini ndiye aliyenibeba mgongoni. Alitafuna uwele akanitia mdomoni, yeye akalala na njaa. Mtu huyo ndiye anile mimi?"

"Nimemwona, mama."

"Ondoka mbele yangu!"

Klara alikwenda kukaa nyuma ya zizi. Kofi halikumwuma sana. Kilichomwuma ni kwamba alisema kweli kwa mtu anayempenda, na mtu huyo akamgeuzia mgongo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema la kufanya pale mwenye nguo anapokataa kuikung'uta.

Haukupita muda mrefu Scolastika akaanguka. Hakuanguka mtini wala kisimani. Alijikwaa tu uani, akajishika kwa mkono, na mkono ukavunjika. Jirani yao Yotham alifunga punda kwenye mkokoteni, akampeleka pamoja na Klara kwenye hospitali ya misheni.

Daktari aliyewapokea aliitwa Nikodemo, mtu mrefu, mpole, asiyependa kuharakishwa. Alimfunga Scolastika mkono kwa plasta, kisha akavuta kiti.

"Mama, mfupa wa mtu wa umri wako hauvunjiki kwa kujikwaa. Niambie unakula nini."

"Ugali na mlenda, daktari."

"Mlenda ni mzuri, usiuache. Na maziwa? Nyinyi si wafugaji?"

"Nina mwiko," Scolastika alijibu, tena kwa fahari kidogo. Akaeleza habari zote za dawa.

Daktari Nikodemo hakumcheka. Alisema polepole, ili Klara naye aelewe. "Sikiliza, mama. Uzee utatufikia sote, hakuna chupa ya kuuzuia. Lakini uzee unaweza kuja kwa hatua zake, au wewe unaweza kuuita mbio. Mfupa unajengwa kwa maziwa, kwa dagaa, kwa majani mabichi. Nyama ya mwili inajengwa kwa maharage, karanga, mayai. Ukiviondoa hivyo, mwili unaanza kujila wenyewe."

"Na ile nguvu ya ndani, daktari, inayomfanya mtu awe kijana?"

"Ipo. Mwilini kuna viungo vidogo viitwavyo tezi. Vinatoa vichocheo, ambavyo wengine huviita homoni, na vichocheo hivyo vinapita katika damu kama tarishi wa Boma akipeleka amri: wewe mfupa kaza, wewe mtoto kua, wewe mwili lala. Mwanamke akifika umri wa kuacha kuzaa, vile vinavyolinda mifupa yake hupungua. Hiyo ni kawaida. Lakini mwili wenye njaa huvipunguza kabla ya wakati. Mwenye wasiwasi mwingi na asiyelala vizuri naye huchakaa upesi. Na huo ugoro ninaouona pindoni mwa kanga yako?"

Scolastika alificha pindo.

"Tumbaku inazeesha, mama, hata ukiinusa tu. Uache. Kazi za mwili zinaimarisha mfupa, ila mtu anayefanya kazi lazima ale na apumzike."

Hapo hapo Sesilia akaingia, amesikia habari kwa Yotham. Mkononi alikuwa na chupa. Mhudumu alikuwa ameweka kikombe cha maziwa karibu na kitanda, na Sesilia alipokiona alipaaza sauti. "Usiguse, mdogo wangu! Utaua dawa! Miezi yote hii itakuwa bure!"

Scolastika alimtazama dada yake, akamtazama Klara aliyekuwa amesimama pembeni. Alitazama tena ile ngozi inayong'aa.

"Dada," alisema, "hata wewe unashika mwiko huu?"

"Nimeshakwambia. Sijaonja."

"Basi apa. Apa kwa mama yetu aliyekufa katika Mtunya kwamba hujaonja maziwa yangu."

Sesilia alifungua mdomo. Kudanganya alikuwa hodari, lakini kwa watu wa kwao, kuapa uongo kwa jina la mama aliyekufa kwa njaa halikuwa jambo la mchezo. Hakuthubutu kuapa. Aliketi sakafuni, chupa ikamponyoka.

"Mume wangu alinifukuza," alisema mwishowe, macho chini. "Nilirudi mikono mitupu. Niliona aibu kuomba. Nikasema, nikimwomba atanipa siku mbili, ya tatu atanichoka."

"Ungeniomba!" Scolastika alilia waziwazi sasa. "Ulinitafunia uwele nikiwa sina meno. Ningekupa kibuyu kizima, dada, na ningekushukuru kwa kukipokea. Wewe ukaona afadhali unitoe chakula kinywani kwa ujanja, unitazame nikikauka, na kila nikija uniambie nivumilie. Ulikuwa ukinitazama, dada!"

Daktari alitoka nje, akawaacha.

Scolastika alimwita Klara kitandani, akamshika shavu lile alilolipiga. "Mwanangu, ulisema kweli nami nikakupiga kwa ajili ya uongo. Nisamehe." Klara alimkumbatia upande usio na plasta.

Mkono uliunga, ingawa polepole. Scolastika alikunywa maziwa yake, akala karanga, akapanda mchicha kando ya kisima, na ugoro akautupa jalalani. Jioni alilala mapema, na kazi ya kutwanga aligawana na binti zake. Hakugeuka msichana, maana hakuna anayegeuka. Lakini kizunguzungu kilikwisha, fizi zikapona, na akaweza tena kutembea mpaka mjini bila kupumzika njiani.

Sesilia alikuja kula kwao kila siku, kwa kuitwa. Klara alimwamkia "shikamoo" kwa sababu adabu ilimtaka, kisha akaenda zake. Siku moja, wakiwa peke yao zizini, alimwuliza mama yake, "Umemsamehe kweli?"

Scolastika alifikiri huku akikamua. "Chakula nitampa mpaka nife, kwa kuwa ni dada yangu na njaa naijua. Lakini sasa akiniambia jua limechomoza, nitatoka nje nitazame kwanza." Akaacha kukamua. "Nawe, Klara, ushike haya. Mwili ni wako, usimwachie mtu akuchungie kwa maneno matamu, hata awe nani. Kula vizuri ungali mdogo, maana mifupa ya uzeeni unaijenga sasa. Na ukiona uongo, useme. Hata nikikupiga, useme."

Waliingia ndani. Sesilia alikuwa ameketi karibu na mafiga. Klara alimimina maziwa, akampa mama mkubwa kikombe chake na mama yake kikombe chake. Scolastika alikunywa polepole mpaka tone la mwisho, bila kuyaondoa macho yake usoni mwa dada yake, na Sesilia akashindwa kuinua kikombe alichopewa.