Pipa Lililojificha Ndani ya Flashi

Kila Jumamosi asubuhi, Shami alishuka mteremko wa mtaa wa Gisozi akiruka mitaro hadi kwenye karakana ya mjomba wake, Nduwayo. Kabla hujaiona karakana hiyo ulisikia mlio wa misumeno, kisha ukapigwa na harufu ya vanishi, kisha vumbi la mbao likakukaribisha. Mjomba alidai kwamba vumbi lile lilikuwa zito kiasi kwamba siku moja kuku alipotea humo ndani akatokea upande wa pili akiwa stuli. Mjomba alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikulia Bujumbura, na alipenda kusimulia kwamba kitanda cha kwanza alichokitengeneza huko kilikuwa kizito mno, hata mwenye nacho alishindwa kukihamisha, ikabidi ajenge nyumba kukizunguka.

Kazi ya Shami ilikuwa kompyuta. Ilikaa kwenye kona ya ofisi ndogo, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Keith, kijana wa duka la rangi la jirani, ndiye aliyeiwekea mfumo wa Linux baada ya virusi vya flashi za wateja kuiangusha mara nyingi.

"Hii sasa haitaugua tena," Keith alisema.

Kweli haikuugua, lakini kuamka ilikuwa shughuli. Ungeiwasha, ukaenda kunywa chai, ukalipa, ukasubiri chenji, ukarudi na kuikuta bado inapiga miayo.

Shami alichukua picha za vitanda, makabati na makochi kutoka kwenye simu ya karakana, akaziweka kwenye flashi nyekundu. Mjomba aliichomeka flashi hiyo kwenye televisheni kubwa iliyotazama barabara. Picha zilipita moja baada ya nyingine Jumamosi mchana kutwa, wapita njia wakasimama, na baadhi yao wakaingia kununua.

Humo karakanani alikuwamo pia Mama Bertrand, fundi wa kuvisha makochi vitambaa. Alifanya kazi akiwa amebana misumari midogo kwa midomo, akiitoa mmoja mmoja na kuigonga, huku akiongea kupitia meno. Kila simu yake ilipoingiwa na ujumbe, alimwita Shami nyuma ya rundo la sponji.

"Njoo mwanangu unisomee. Macho yangu yameingia vumbi."

Ujumbe ulitoka kwa mwanawe, Bertrand, aliyefanya kazi kiwandani huko Masoro. Hakuruhusiwa kupiga simu akiwa kazini, kwa hiyo aliandika wakati wa mapumziko. "Mama, nimekula." "Mama, zamu yangu imebadilika." Shami alisoma kwa kunong'ona, Mama Bertrand akatabasamu, kazi ikaendelea.

Shami hakuchelewa kugundua kwamba macho ya Mama Bertrand yalikuwa mazima kabisa. Mwanamke huyo aliweza kuuona uzi uliochomoka kwenye kochi lililoko ng'ambo ya barabara. Alichoshindwa kukiona ni herufi. Naye Mama Bertrand alijua kwamba Shami amejua. Siku moja alimshika mkono akamwambia, "Hili ni letu sisi wawili."

"Ndiyo, Mama," Shami akaitikia.

Basi, Jumamosi moja Mjomba alikwenda kununua mbao, na Mama Bertrand akaenda mjini kuchagua vitambaa. Shami alibaki na simu ya karakana na kichwa kilichojaa mizaha. Alikuwa na rafiki aitwaye Shallon, msichana mgumu wa kucheka kuliko ukuta, na siku hiyo aliapa kumchekesha. Akaiegemeza simu kwenye kopo la vanishi ijirekodi video. Akajifunga kitambaa kichwani, akajaza karanga midomoni mahali pa misumari, akashika kipande cha ubao kana kwamba ni simu, tena juu chini.

"Njoo mwanangu unisomee!" akasema kupitia meno. "Macho yangu yameingia vumbi! Tangu nizaliwe yana vumbi! Hebu niambie, hii ni A au ni ngazi?"

Alicheka mwenyewe hadi karanga zikaruka. Kisha akainakili video ile kwenye flashi nyekundu, na jioni akaondoka nayo mfukoni, apate kumwonyesha Shallon siku nyingine.

Siku hiyo haikufika. Jumamosi iliyofuata, Shami hajafika hata mlangoni, Mama Bertrand alimwita. Mikononi alishika mfuko wa madaftari alioushona kwa mabaki ya kitambaa cha mahameli ya kijani.

"Niliona mkoba wako umepasuka," alisema. "Chukua. Na ukimwambia mtu ni wa bure, wote watataka."

Shami aliupokea kwa mikono miwili. Masikio yakamwaka moto. Alisema asante mara tatu bila kumtazama usoni, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akachomeka flashi, akaitafuta video ile na kubonyeza kitufe cha kufutia. Video ikatoweka. Shami akashusha pumzi. Hakuna aliyeiona, na hakuna atakayeiona.

Alipoanza kuweka picha mpya, kompyuta ilikataa. Flashi imejaa. Akafuta picha za zamani, akajaribu tena. Imejaa. Wakati huo Keith alikuwa amekuja kuazima bisibisi, akachungulia.

"Shami, umemwaga pipa?"

"Pipa gani?"

"Pipa la taka. Kwenye hii kompyuta, ukifuta kitu kwa kitufe kile, hakiondoki. Kinaingia kwenye pipa, kinakungoja. Na vitu vya kwenye flashi vina pipa lao dogo, humo humo ndani ya flashi. Limefichwa, huwezi kuliona hivi hivi, lakini vitu vimo na vimekalia nafasi. Sogea nikuonyeshe."

Keith akilifungua pipa lile, kitu cha kwanza atakachokiona kitakuwa uso wa Shami wenye kilemba na karanga. Shami akafunika kipanya kwa kiganja.

"Nimeshalimwaga," alisema.

"Kama umelimwaga, mbona flashi bado imejaa?"

"Labda imechoka."

"Flashi haichoki, siyo punda!" Keith akacheka. "Haya bwana. Ukikwama, niite."

Keith alipotoka tu, Shami alianza kulitafuta pipa. Lakini kompyuta, kama kawaida yake, ilifikiri kwanza. Kabla dirisha halijafunguka, Mjomba aliingia kwa haraka akanyoosha mkono kwenye flashi.

"Lete hiyo! Mzee Mutsinzi amefika. Anataka makochi ya nyumba nzima."

"Mjomba, subiri kidogo!"

"Nisubiri nini? Picha zilizomo zinatosha."

Shami alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari pale kwenye ulimi: *kuna kitu kibaya humo, nisaidie kukitoa.* Lakini angeyasema, Mjomba angeuliza ni kitu gani. Akaufunga mdomo. Mjomba akachomoa flashi akaenda zake.

Mzee Mutsinzi alisimama mbele ya televisheni na mkewe. Mama Bertrand alikuwa pembeni yao, misumari mdomoni, akiwaeleza kitambaa kipi huhimili watoto na kipi huhimili wageni. Wachomeleaji wa banda la jirani walikuwa wamepumzika wakitazama. Likapita kabati. Kikapita kitanda. Televisheni ile haikujua habari ya mapipa yaliyofichwa. Ilicheza kila ilichokikuta ndani ya flashi.

Ghafla uso wa Shami ukajaa kwenye kioo, mkubwa kama mlango.

"Njoo mwanangu unisomee!"

Wachomeleaji wakaangua kicheko. "Yewe! Si Mama Bertrand huyo!" akapiga kelele mmoja wao, Bigirimana. "Hata misumari ipo!"

Mjomba alibonyeza kila kitufe cha rimoti, lakini sauti, badala ya kushuka, ikapanda.

"Tangu nizaliwe yana vumbi! Hebu niambie, hii ni A au ni ngazi?"

Kicheko kikakatika. Watu walimtazama Mama Bertrand, kisha wakatazama chini. Yeye alitoa misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, akaiweka kwenye kopo lake. Akachukua kitenge chake, akapanda mteremko kuelekea nyumbani bila kugeuka.

"Nilikuwa nachagua na yule mama," alisema Mzee Mutsinzi taratibu. "Akirudi, nami nitarudi."

Shami alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi. Alitamani vumbi la mbao limfunike lisiache hata kidole.

"Ni wewe?" Mjomba aliuliza.

"Nilikuwa nimeifuta, Mjomba."

"Sikukuuliza kama uliifuta."

"Ni mimi," akasema Shami, na machozi yakaanza.

Keith, aliyetoka dukani kwake kwa sababu ya kelele, alitikisa kichwa. "Nilikuuliza kuhusu pipa. Ungeniambia ukweli tu, nisingekuuliza zaidi."

"Mjomba, nimwambie nini Mama Bertrand?"

Mjomba aliiweka rimoti chini. "Mimi nina hadithi za kila aina, Shami, hata ya kuku na stuli. Ya hili sina. Nenda ukamwambie mwenyewe, na usipunguze kitu."

Shami alipanda mteremko ule. Alimkuta Mama Bertrand uani akikamua nguo alizofua, akizikamua kwa nguvu kuliko nguo zinavyohitaji.

"Mama, nimekuja."

"Nimekuona."

Shami alisema yote. Alieleza habari za Shallon na karanga, jinsi alivyoifuta video, na jinsi alivyomdanganya Keith. Hakupunguza kitu. Mama Bertrand aliendelea kukamua.

"Kwa nini uliifuta?" aliuliza hatimaye.

"Ulinipa mfuko. Nikaona haya."

"Kumbe haya ilikufikia mapema." Alianika shati, akalinyoosha mikono. "Bado ipo hiyo video?"

"Ipo, Mama. Nikirudi sasa hivi nitaifuta kabisa, wala hutaiona tena."

"Usiiguse. Twende."

Walishuka pamoja. Karakanani Mama Bertrand alikaa kwenye kiti cha kompyuta kana kwamba ni chake.

"Icheze," alisema. "Wenzangu waliiona. Mimi niliondoka kabla ya mwisho."

Shami aliitoa flashi kwenye televisheni, akaichomeka kwenye kompyuta, akalitafuta pipa na kuicheza. Ilikuwa video fupi, lakini siku hiyo ilionekana ndefu kuliko misa ya Pasaka. Alisimama kando ya mtu aliyemwiga, akajitazama akimwiga. Karanga zilizomchekesha sana siku ile zikaruka tena, na safari hii hazikuwa na kichekesho chochote. Mafundi walikuwa wamejazana mlangoni.

Mama Bertrand akawageukia. "Basi sikieni kwangu mwenyewe. Sijui kusoma. Kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikapelekwa shamba. Mwenye swali aulize sasa, asiulize nikipita."

Bigirimana alivua kofia yake. "Mama, mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa. Nisamehe."

"Nilikusikia. Wewe hata ukinong'ona unasikika Masoro," alijibu, na mafundi wakacheka kidogo, kwa woga. Kisha akamwambia Shami, "Nionyeshe inavyotoka."

Shami alirudi kwenye pipa. Ilikuwemo video, na picha zote za zamani. Aliichagua video na kuiamuru itoke. Kompyuta ikaleta swali kwenye kioo.

"Inasemaje? Soma, wote wasikie."

"Inasema, 'Una hakika unataka kuifuta kabisa? Ukiifuta haitarudi tena.'"

"Kidole changu kibonyeze wapi?"

Shami alimwonyesha. Mama Bertrand akabonyeza. Pipa likabaki na picha za makabati tu.

"Imekwisha?"

Shami angeweza kusema ndiyo. Kila mtu pale alikuwa akisubiri aseme ndiyo, waende kazini.

"Hapana, Mama. Ipo nyingine kwenye simu ya karakana. Hakuna anayeijua ila mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mama Bertrand alimtazama usoni. Alinyoosha mkono, Mjomba akaleta simu. Wakaifuta humo pia, na kwa kuwa simu nayo ilikuwa na pipa lake, wakalimwaga.

"Sasa imekwisha," alisema Shami.

"Kwenye mashine imekwisha," alisema Mama Bertrand. "Kwenye vichwa vya hawa wote bado imo, na huko hakuna kitufe."

"Mama, naomba nikufundishe kusoma. Kila Jumamosi."

"Wewe? Hapana. Kanisani kuna darasa la watu wazima, nitakwenda huko nikakosee mbele ya wenzangu wasiojua kama mimi. Wewe nina kazi nyingine nawe." Alimkabidhi koleo na kumwonyesha kochi kuukuu lililojaa misumari iliyoota kutu. "Ng'oa yote. Na sikiliza ukiwa unang'oa."

Shami akapiga magoti, akaanza.

"Kuona haya si kosa, mwanangu. Ulipoona haya ulikuwa umeshaanza kuwa mtu mwema. Kosa lako ni ulikoipeleka. Uliipeleka kwenye pipa, ukaifunika, ukamdanganya Keith ili isionekane. Ungenijia mimi asubuhi ile na mfuko wako mkononi, ningekukaripia nyuma ya sponji, tukalia, yakaisha. Siku nyingine ukimkosea mtu, usikimbilie kufuta. Kimbilia kwa yule uliyemkosea."

"Ndiyo, Mama."

"Na huo msumari umeuacha nusu. Utamchoma Mzee Mutsinzi, halafu tutasema nini?"

Mjomba tayari alikuwa na simu sikioni akimwita mzee huyo arudi, kwa sababu mama wa vitambaa amerudi. Shami aliushika tena ule msumari kwa koleo, akauvuta hadi ukatoka wote.