Kitufe Chini ya Shuka

Kila asubuhi ya likizo, kabla ya kuwasha gari, mama alishika usukani na kuuliza kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani.

"Mnyororo wa trela?"

"Umefungwa."

"Taa za nyuma?"

"Zinawaka zote."

Kisha aliwasha injini na kuuliza swali la mwisho. "Kitufe?"

"Kimewaka!"

Ndipo walipoondoka. Mama alikuwa dereva. Alivuta trela la vigae vya sakafu kutoka kiwandani hadi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na utingo wake wakati wa likizo alikuwa binti yake wa miaka kumi na mmoja. Nyumbani walimwita Kidole, maana tangu alipojua kutambaa hakuwahi kupita mbele ya swichi bila kuibonyeza. "Basi na kidole hicho kifanye kazi," mama alisema, akamkabidhi kitufe.

Kilikuwa kitufe kidogo chenye picha ya trela, chini kabisa ya dashibodi, pale katikati. Gari lao lilibadilisha gia lenyewe, na bila kitufe hicho lilisahau kwamba linavuta mzigo. Kikiwashwa, lilishikilia gia nzito na kunguruma zaidi. Likipanda halikuhangaika, na likishuka injini yenyewe ililizuia, breki zikapata kupumua. Lakini kila injini ilipozimwa, kitufe nacho kilizimika. Ilibidi kibonyezwe upya.

Siku hiyo, trela likiwa limejaa, walipitia hospitali kumchukua bibi, mama yake mama. Alikuwa amepasuliwa jicho, na maumivu yalikuwa yamemnyima usingizi. Walimkalisha katikati, wakamfunika shuka kuanzia kifuani. Ncha yake ilining'inia mbele ya dashibodi.

"Endesha taratibu," bibi alimwambia mama. "Ukinirusha nitashuka nitembee."

"Kwa miguu hiyo, mama?"

"Miguu haina kosa. Lililopasuliwa ni jicho."

Walicheka. Barabara ilianza kupanda, na injini ikanguruma kama kawaida yake. Bibi aliposinzia kidogo tu, ngurumo ilipanda, akashtuka na kushika bandeji.

"Gari lenu linakoroma kumshinda marehemu babu yako," alinong'ona.

Kidole alicheka, lakini moyo ulimuuma. Aliona jinsi midomo ya bibi ilivyokauka, na jinsi alivyouficha uchungu kwa mzaha.

Walisimama kwenye kituo cha mafuta. Mama alizima gari, akazunguka kukagua matairi na kamba. Kimya kilipotanda, kichwa cha bibi kililala polepole begani kwa mjukuu wake. Pumzi zake zikawa ndefu. Hatimaye alikuwa amelala.

Mama aliporudi, naye alinong'ona. "Mnyororo?"

"Umefungwa."

"Taa?"

"Zinawaka."

Aliwasha injini. "Kitufe?"

Mkono wa Kidole ulikuwa tayari chini ya shuka, kidole juu ya kitufe. Alimtazama bibi. Alitazama bandeji nyeupe. Kidole hakikusogea.

"Kimewaka," alisema.

Mama hakuangalia. Hakuwahi kuangalia. Aliingia barabarani, ambayo sasa ilikuwa tambarare, na gari likateleza kwa upole. Bibi alilala fofofo.

"Leo limetulia kweli," mama alisema, akitabasamu. Kidole alitazama dirishani. Tabasamu lile lilimchoma.

Kisha wakaufikia mteremko mrefu. Mama aliondoa mguu kwenye mafuta, akingoja injini ilishike gari kama siku zote. Halikushikwa. Trela lilisukuma kutoka nyuma. Mama alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Harufu ikaingia ndani, kama mpini wa sufuria uliosahauliwa motoni.

"Hii giaboksi!" mama alisema, meno yamebana. "Na fundi aliniapia kwamba imepona. Leo atanitambua!"

Kidole alimkumbuka fundi, yule aliyemwita "injinia" na kumruhusu kushika tochi. Akaitazama kona iliyokuwa mbele, chini kabisa. Akahisi uzito wa kichwa cha bibi begani.

"Mama! Sikukibonyeza!"

"Nini?"

"Kitufe! Nilisema uongo. Fundi hana kosa!"

Mama hakugeuka. "Kibonyeze sasa."

Kidole alilivuta shuka, akabonyeza. Taa ndogo ikawaka. Mama akakanyaga breki mara moja kwa nguvu. Gia ikashuka, injini ikanguruma kwa sauti iliyotikisa viti, na gari likapunguza mwendo, kama mtu aliyeshikwa mkono asianguke. Walikata kona ile polepole.

Chini ya mteremko mama aliegesha pembeni, akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Joto lilitoka kwenye breki. Kidole alikimbia na chupa ya maji.

"Usimwagie!" mama alimzuia. "Chuma chenye moto hivyo kitapasuka. Kiache kipoe chenyewe. Maji mpe bibi."

Bibi alikuwa ameamka. Alikunywa, akasikiliza kilio cha kwikwi kando yake.

"Nilitaka ulale, bibi," Kidole alisema. "Kelele zilikuwa zinakuumiza."

"Na nililala, mwanangu. Usingizi mtamu," bibi alimpapasa kichwa. "Lakini usingizi nitaulala nyumbani. Njiani nataka kufika."

Mama alichuchumaa mbele ya mlango. Akaweka mikono yake juu ya magoti ya binti yake.

"Ulimwonea bibi huruma, na hilo silikemei. Ungeniambia, 'Mama, kelele zinamuumiza,' tungetafuta njia. Tungemziba masikio kwa pamba. Tungemlaza kwa shangazi yako. Lakini uliponijibu 'kimewaka', niliyaamini macho yako. Mimi macho yangu yako barabarani, mwanangu. Pale kwenye kitufe, macho yangu ni wewe. Ukinidanganya, naendesha nikiwa kipofu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe ulipopaza sauti kule juu. Kuna watu wazima ambao wangenyamaza hadi kwenye kona."

"Sasa utamchukua nani awe utingo?"

Mama alimfuta machozi kwa ncha ya shuka. "Swali gani hilo? Panda."

Breki zilipopoa, mama aliondoa mawe, akarudi kwenye usukani. Bibi alikuwa ameziba masikio kwa vipande vya pamba vya hospitali, ncha zimechomoza pande zote mbili. Kidole alipomwona, alicheka huku bado akivuta kamasi.

"Mnyororo?" mama aliuliza.

Kidole alishuka, akaukagua kwa mkono, akarudi. "Umefungwa."

"Taa?"

"Zinawaka zote."

Injini iliwashwa. "Kitufe?"

Alikunja shuka la bibi vizuri ili dashibodi yote ionekane. Akabonyeza. Akangoja hadi alipoiona taa.

"Kimewaka, mama."

Gari lilianza kupanda kilima cha mwisho likinguruma kwa sauti yake yote. Walipofika katikati, kichwa cha bibi kilirudi begani kwa Kidole. Punde mkoromo mwingine ukasikika ndani ya gari, na haukuwa wa injini.