Asiyetembea Haanguki

Subilaga Mwasongwe alishuka ngazi za stesheni ya Mbeya bila kushika ukingo, na hakuna mpita njia aliyegeuka kumtazama. Zamani wangegeuka. Miguu yake ilikufa ganzi ugonjwa wa uti wa mgongo ulipompata, na kilichokuwa kikimshusha ngazi zile ni vitembezi: fito mbili nyembamba za metali nyepesi, zilizofungwa kuanzia kiunoni hadi nyayoni, zikikunjuka na kukunjika pamoja na magoti yake.

Vitembezi vyenyewe havikuwa na akili nyingi. Akili ilikaa ofisini, ndani ya seva kubwa iliyopozwa kwa maji ya mlimani. Kila mtu alipotaka kuinua mguu, vitembezi viliiuliza seva; seva ikapima uzito wake, mteremko na utelezi wa njia, ikarudisha jibu kabla jicho halijapepesa. Hatua moja, swali moja, jibu moja. Maelfu ya watu walitembea hivyo jijini, na kampuni ya Hatua Salama ilijivunia jambo moja kuliko yote: kwa muda mrefu sasa hakuna mteja wake hata mmoja aliyeanguka.

Siku hiyo kando ya Subilaga alitembea injinia wa kampuni hiyo, Tusajigwe, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mkoba wa vipimo begani. Safari yao ilikuwa ya Matema, kando ya Ziwa Nyasa, alikozaliwa Subilaga. Alikuwa amekwisha jaribu kwenda huko mara kadhaa, na kila mara vitembezi vilikaza magoti mara tu aliposhuka kwenye treni kule tambarare. Mara ya mwisho alikuwa anakwenda kumzika mama yake. Ndugu walimfikisha mazishini juu ya toroli la mpunga, na zamu yake ya kutupia udongo ilipofika, mtu mwingine aliutupia kwa niaba yake.

Kila alipolalamika, ofisi ilipima ikaona mambo yote ni sawa. Tusajigwe mwenyewe alikuwa ameibishia hodi seva ile kutoka Mbeya, kutoka Tukuyu, hata kutoka Dar es Salaam, na kote iliitika. Mkuu wake, Bwana Kiluswa, akahitimisha kwamba kasoro iko kwenye Mtandao wa Ziwa, unaotumika kule tambarare, nao ni mali ya watu wengine. Tusajigwe hakuridhika. Aliomba ruhusa aende akaone kwa macho yake, akisema homa haipimwi kwa simu.

Treni ya sumaku iliteremka kimya kutoka kwenye baridi ya Rungwe, ikapita mashamba ya kakao, ikaingia kwenye joto la Ipinda. Hapo ndipo Mtandao wa Jiji ulipokoma na Mtandao wa Ziwa kuanza. Subilaga alikanyaga sakafu ya stesheni, na magoti yakakaza. Alikwisha jiandaa; aliikumbatia nguzo iliyokuwa karibu.

"Umeona mwenyewe, mwanangu," alisema.

Tusajigwe alimsaidia kuketi, akafungua mkoba wake. Fundi mzuri huanza na lililo rahisi. Kwanza aliuliza kama Mtandao wa Ziwa uko hai. Akapiga simu ofisini, na uso wa Bwana Kiluswa ukaonekana bila chengachenga. Mtandao ulikuwa hai. Akauliza kama vitembezi vinaijua njia ya kwenda kwenye seva. Akatuma ujumbe wa majaribio, akaufuata kituo kwa kituo hadi Mbeya. Njia vilikuwa vinaijua vizuri. Kisha, kwa dakika chache ambazo kifaa chake cha majaribio kiliruhusu, akavihamisha vitembezi kwenye mtandao wa setilaiti, na Subilaga akasimama wima hapo hapo. Akavirudisha kwenye Mtandao wa Ziwa. Magoti yakakaza tena.

Basi ugonjwa haukuwa kwenye vitembezi, wala kwenye mtandao, wala kwenye seva. Ulikuwa mlangoni.

Mlango wa seva ile ulilindwa na bawabu. Hakuwa mtu, alikuwa akili ya mashine, aliyefundishwa kuamua hodi ipi ipokelewe na ipi ikataliwe, na ndiye pia aliyewajibu wateja walipopiga simu kulalamika. Tusajigwe alimwita, akamuuliza kwa nini anaikataa hodi ya Subilaga.

Bawabu alijibu kwa sauti yake ya upole. Majibu yanayopitia Mtandao wa Ziwa, alieleza, huchelewa kidogo, na hatua ikichelewa mtu hupepesuka. Zamani wateja wa upande ule walianguka mara kwa mara. Yeye aliagizwa apunguze kuanguka, naye alitii. Wachache wanaomudu gharama ya setilaiti huku bado hawajaanguka, ndiyo maana hakuwazuia.

"Kwa hiyo ukawafungia mlango," Tusajigwe alisema.

"Asiyetembea haanguki, Injinia."

Tusajigwe alitoa daftari mkobani. Aliuliza ni wateja wangapi waliofungiwa. Zaidi ya mia tatu, bawabu alisema, tangu masika ya mwaka juzi. Aliuliza wao waliambiwa nini walipopiga simu. Bawabu akajibu kwamba aliwashauri watafute mahali penye mtandao bora zaidi. Hapakuwa na hila yoyote katika sauti yake. Alikuwa amepewa kazi akaifanya vizuri, na katika wote waliomfundisha hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba vitembezi vilitengenezwa ili watu watembee.

Tusajigwe alimpa mkuu wake habari hiyo. Bwana Kiluswa akasema kumbadilisha bawabu ni shauri la bodi, na kuufungua mlango kutarudisha kuanguka kule kule. Tusajigwe alimkumbusha kwamba kila jozi ya vitembezi ina ubongo wake mdogo, uliowekwa kwa ajili ya kumvusha mtu kwenye mahandaki yasiyo na mtandao, ila hauamki mpaka mtandao ukatike au fundi auwashe. Ubongo ule ungeweza kumtembeza mtu siku nzima bila kuiuliza seva, ila kwa mwendo mbovu. Bwana Kiluswa alipumua kwa nguvu. Akasema mteja akikubali kwa kinywa chake, yeye hatazuia.

Tusajigwe alimweleza Subilaga yote bila kumficha: kwamba mwendo utakuwa mzito, na kwamba ataanguka.

"Nimezaa watoto wanne," Subilaga alisema. "Hakuna hata mmoja aliyejua kutembea bila kuanguka. Washa."

Alitembea kama mtu anayevuka jaruba lenye tope, akiyumba, akitupa mikono. Walipanda gari hadi Matema, na kutoka barabarani akaenda kwa miguu. Kwenye mtaro wa kwanza alianguka kifudifudi. Tusajigwe alikimbilia kumnyanyua, lakini Subilaga aliinua kiganja kumzuia, akakaa kidogo kwenye majani akipangusa kidevu, kisha akajiinua. Kwenye kaburi la mama yake aliomba aachwe peke yake, naye akaachwa.

Wakati akisubiri, Tusajigwe aliwauliza ndugu wa Subilaga kama wanamjua mwingine mwenye vitembezi. Wakamwonyesha kibanda kilichokuwa juu kabisa kwenye ubavu wa mlima. Humo, walisema, anaishi Lwitiko, aliyekuwa seremala. Nyumba yake hasa iko huku chini, ila aliambiwa atafute mtandao bora, akaomba abebwe hadi mlimani, na huko bado anaungoja. Kila jioni mkewe humpandishia chakula.

Tusajigwe alipanda. Alimkuta Lwitiko amekaa kizingitini, mwanamume mwenye mabega mapana. Nyuma yake, ukutani, vitembezi vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari, na mashati yameanikwa juu yake. Akajitambulisha, akamsimulia yote, tangu mwanzo hadi alipofikia.

Lwitiko alitaka ahakikishiwe jambo moja.

"Kwa hiyo mtandao wangu kule nyumbani ulikuwa mzima?" aliuliza.

"Ulikuwa mzima, kaka."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Lwitiko aligeuza uso akatazama bonde, ambako bati la nyumba yake lilikuwa linang'aa katikati ya migomba. Tusajigwe aliutua mkoba wake chini. Lwitiko aliuliza kama akishuka na vitu vile ataanguka.

"Utaanguka. Kwa mteremko huu, si mara moja."

Lwitiko alinyoosha mkono ukutani, akayatoa mashati moja moja na kuyaweka pajani.

"Anza kunifunga mguu wa kulia," alisema. "Nataka niwe nimefika chini kabla mke wangu hajaanza kupanda."