Alama Mbili za Thea Nestler

Kila Jumanne saa tisa alasiri Thea Nestler alitoka darasani, akala mkate wake wa soseji huku akipanda ngazi, akaingia chumba namba kumi na nne. Humo Bi Zschocke na Bwana Gottlöber, wastaafu wawili wasiolipwa hata senti, waliwafunza watoto tisa wa magorofa ya mtaa wa Heckert hesabu zisizokuwamo katika kitabu cha shule. Watu wa kilimani, wenye nyumba za bustani, walikwisha kusema kwamba hesabu za mashindano si za watoto wa magorofani. Bi Zschocke hakusahau nani alisema, wala mwaka gani.

Mwaka huu Thea, mwenye miaka kumi na miwili, alipata alama thelathini katika mashindano ya mji. Watoto sita wa kwanza wangekwenda kushindana katika ngazi ya jimbo, naye alikuwa wa sita. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita bila mtoto wa magorofani kufika huko.

Jumamosi ilikuwa siku ya kutazama karatasi, ambazo wazee hao wawili ndio waliozisahihisha kwa mji mzima. Desturi ni kwamba matokeo hayafungwi mpaka kila mtoto aisome karatasi yake iliyosahihishwa, na akiona ameonewa, adai. Mama yake Konrad, mvulana wa kilimani, alikuja na faili, akadai nusu alama kwa dakika ishirini.

Thea akafungua yake. Swali la nne liliwataka wathibitishe kwamba namba nzima yoyote ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa tatu, haibakizi mbili kamwe. Kuna namba zinazobakiza sifuri, zinazobakiza moja na zinazobakiza mbili. Makundi mawili ya kwanza aliyafanyia kazi. La tatu aliandika tu, "Hali kadhalika." Muda ulikuwa umemwishia, wala wakati ule hakujua namna ya kulifanya. Hata hivyo, kalamu nyekundu ya Bwana Gottlöber ilimpa alama zote.

"Umeona nini?" aliuliza Levin, jirani yake wa ghorofa ya chini.

"Nimepewa alama mbili za bure."

"Ifunge basi."

"Levin, sikuifanya."

"Mwenzako anakamua nusu alama kama ndimu, wewe unataka kugawa mbili? Kweli wengine mmezaliwa kushindwa."

Thea alitaka kwenda jimboni; usiku aliota jina lake likiitwa. Lakini miguu ilikwisha kumpeleka kwenye foleni, nyuma ya lile faili.

"Bwana Gottlöber, nimekuja kudai."

"Unadai nini tena, mwanangu? Una zote hapa."

"Ndiyo. Nimekuja utoe mbili."

Mzee alisoma, akasoma tena, masikio yakamwiva kwa haya. Bi Zschocke akasogea.

"Zikitoka hizi, huendi," alisema.

"Najua, Bi Zschocke."

"Toa, Gottlöber. Kisha leta karatasi zote za swali hili."

Walizisoma upya, thelathini na moja, na pengo lile lile likaonekana kwa watoto wengine wanne, Konrad akiwamo. Mama yake alipandisha sauti. Bi Zschocke akamwekea kidole kwenye mstari, naye akafunga faili. Thea akashuka hadi wa nane.

"Naomba chaki," alisema. "Niifanye ile ya tatu."

Aliandika taratibu. Kilichobaki ni mbili. Mbili mara mbili, nne. Toa tatu, inabaki moja. Mistari minne tu. Levin alitazama ubao, akajikuna shingo.

"Sikieni nyote," alisema Bi Zschocke. "Kiwanda chetu cha mashine kilipofungwa, wakubwa walitusomea hesabu ya kurasa tisini. Walipofika kwetu wafanyakazi, wakaruka hatua. Mimi nililiona lile pengo. Nilikuwa na kalamu mkononi, na nikakaa kimya. Mpaka leo sijajisamehe. Anayekubali pengo kwenye karatasi yake atafumbwa macho na mapengo ya wakubwa maisha yake yote. Thea hakukaa kimya. Mwakani atakwenda kwa alama alizozitolea jasho, na alama za namna hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Sasa kaeni, tuna mwaka mmoja tu."