Mkanda wa Abiria

Rafiki yangu fundi magari hapendi kuyasimulia haya. Shemeji yake alimletea gari la spoti, lilelile alilofia mkewe, dada wa fundi.

"Kwenye mashimo linayumba, linavuta kushoto. Litengeneze niliuze."

Hata pole hakusema. Mazishini alikuwa ameshawatangazia watu: "Ujeuri wake tu. Angefunga mkanda, angekuwa hai."

Fundi akakagua matairi, shokapu, usukani. Vyote vizima. Kigiza kilipoingia akalijaribu kwenye barabara mbovu, peke yake. Shimo la kwanza tu, usukani ukamponyoka kuelekea kushoto. Na hukohuko kushoto, kwenye kiti kitupu alichokuwa akikalia dada yake, akasikia chuma cha mkanda kikigonga kifungio: ka. Ka. Kikachomekwa, kikakataa kushika. Kikachomekwa tena.